Uzito wa Taa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa Machi mwaka 1943, wafanyakazi arobaini na mmoja walikuwa wamejipanga mbele ya lango la karakana moja huko Port Reitz, kila mmoja na kipande chake shingoni. Kipande kilikuwa karatasi yenye jina la mtu, kabila lake, alama za vidole vyake na jina la tajiri aliyemwajiri, na karatasi hiyo ilikaa ndani ya kikopo cha chuma chenye kamba. Karani Mwarandu alipita akikagua. Alipofika katikati ya mstari alisimama, akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Vikopo ishirini vya upande wa kulia vilikuwa vimeinamia kushoto, na vikopo ishirini vya upande wa kushoto vilikuwa vimeinamia kulia. Cha katikati, cha Gona wa Karisa, kilikuwa kimemganda kifuani kama kupe.

Mwarandu alimwambia Gona aende akasimame mwisho wa mstari. Gona akaenda. Vikopo vyote vikainamia upande mmoja, mstari ukaonekana nadhifu, na Mwarandu akaendelea na kazi yake.

Gona alikuwa mpiga nyundo. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amenyoosha minyororo na vyuma vilivyopinda juu ya fuawe lile lile, na jioni akarudi landhini Changamwe, kwenye nyumba za wafanyakazi, chumba nambari saba, kwa mkewe Mbeyu. Chumba kilijengwa kwa kipimo ambacho kitanda kiliingia kwa njia moja tu, kusini kwenda kaskazini. Kitanda chenyewe kilikuwa cha mtu mmoja na wao walikuwa wawili, kwa hivyo walilala mzungu wa nne: kichwa cha Gona kaskazini, kichwa cha Mbeyu kusini, na miguu ya kila mmoja begani kwa mwenziwe. Gona alipojinyoosha, nyundo ilikuwa bado haijamtoka mwilini. Mikono ilitetemeka mpaka usingizi ukamchukua, na kitanda kikatetemeka naye.

Mtu yeyote aliyewahi kufua chuma anajua kwamba ukilaza nondo kwenye mstari wa kaskazini na kusini ukaigongagonga, polepole itashika sumaku. Damu ya binadamu ina chuma. Miaka kumi na sita ni mitetemo mingi.

Pale landhini halikuwa jambo la kuzungumzwa sana. Wanawake waliopoteza sindano mchangani walimwomba Gona apite mara moja bila viatu, akapita, akazirudisha. Alipovuka barabara, kengele ya baiskeli ya mhubiri ililia yenyewe, na mhubiri akaitikia salamu.

Kilichomsumbua Gona kilikuwa kingine. Huko Ribe, tangu mwaka 1939, kulikuwa na nguzo tisa za nyumba yake zilizosimama bila paa. Binti yao Kafedha aliishi kwa bibi yake, hatua chache kutoka kwenye nguzo hizo, na kila barua aliyoiandika iliuliza lini. Magoti ya Gona yalikuwa yameanza kulia kama bawaba. Januari alikuwa ameomba kuachishwa kazi. Kuachishwa kulimaanisha tajiri atie sahihi yake kwenye kipande, katika nafasi iliyoachwa tupu kwa ajili hiyo. Bila sahihi hiyo mtu akiondoka alikuwa mtoro, na mtoro alifuatwa hadi kwao na kurudishwa. Injinia wa karakana, aliyetia sahihi kwa niaba ya tajiri, alisema ataitia mwezi wa Aprili.

Aprili injini ya stima ilivunjika mhimili.

Injini hiyo ilikuwa ikipeleka umeme kwenye nyumba nane za mabwana juu ya kilima. Nyumba za landhi hazikuhusika. Waya ulipita juu ya mabati yao ukielekea kilimani, na kunguru waliupenda. Mhimili mpya uliagizwa ng'ambo, meli iliyouleta ikazamishwa vitani, ukaagizwa mwingine. Aliyesimamia mambo hayo alikuwa injinia huyo huyo, mtu mwembamba ambaye watu walimwita Bwana Fyuzi, kwa sababu subira yake ilikatika haraka na ikachukua muda kurudishwa. Siku ya tatu ya giza la kilimani alishuka karakanani na dira mkononi kupima mahali pa kuchimba shimo. Mshale wa dira ukaiacha kaskazini ukamfuata Gona. Bwana Fyuzi alisogea kushoto, akasogea kulia, mshale haukubadilisha nia. Aliandika hesabu kwenye pakiti ya sigara, akaenda kula chakula cha mchana.

Wiki iliyofuata nyuma ya karakana palichimbwa njia ya duara, mzunguko wa hatua sitini. Kandokando yake viliwekwa vigogo kumi na viwili vilivyozungushiwa waya wa shaba, kila kigogo mara mia sita, na waya zote zikaunganishwa na ule uliopita juu ya mabati. Gona alielezwa kazi yake kwa maneno machache. Akisimama tuli karibu na kigogo, hapatokei kitu, hata akisimama mwaka mzima. Akitembea, stima inazaliwa ndani ya waya. Akikaza mwendo, inazaliwa nyingi zaidi. Kwa hivyo atembee, kuanzia jua linapotua mpaka saa tatu, mpaka mhimili ufike. Akauliza juu ya sahihi. Bwana Fyuzi akasema sahihi itafika pamoja na mhimili.

Basi Gona akatembea. Jioni ya kwanza taa za kilimani ziliwaka rangi ya chai, akakaza mwendo, zikawaka nyeupe. Mwarandu, aliyekuwa ameketi kando kuhakikisha hasimami, alisema huko mjini kulikuwa na ngamia aliyezungusha kinu cha mafuta ya ufuta, na kwamba ngamia huyo hufungwa macho ili asijue haendi popote.

"Mimi nifungwe?" Gona akauliza.

"Wewe unajua tayari, kaka. Kitambaa cha nini?"

Baada ya mwezi Gona aliweza kuwajua watu wa kilimani kwa miguu yake. Taa moja ilikuwa kama mtoto amempanda mgongoni. Panka la dari lilikuwa kama kutembea kwenye mchanga mkavu. Friji ya nyumba nambari tatu ilimvuta nyama za mapaja kila ilipoanza kunguruma, na iliponyamaza alijikuta amepiga hatua mbili za mbio bila kutaka. Wakizima taa ya sebuleni na kuwasha ya chumbani, alijua nani ameanza kulala. Hakuwa na haja na habari hizo, lakini zilipitia kwake.

Mbeyu hakuwahi kumpelekea uji pale kwenye duara. Alimtuma mke wa jirani yao Tsofa. Watu walidhani ana kiburi, au ana aibu, na yeye aliwaacha wadhani. Sababu ilikuwa kwamba kitanda kilipotetemeka kwa miaka kumi na sita, hakikumtetemesha Gona peke yake. Mbeyu alitia sindano zake ndani ya kibuyu na kukiziba kwa gunzi, alichotea maji kwa kata ya kifuu, na hakupita karibu na mstari wa wanaume wenye vipande. Usiku yeye na mumewe walisukumana. Hawakuwa na ugomvi. Ila ncha yake iliyoelekea kaskazini ilikuwa sawa na ya mumewe, na zilizo sawa hazikai pamoja. Gona alilala ukingoni, Mbeyu amebanwa ukutani, na katikati pakabaki nafasi ambayo mtoto angetosha. Asubuhi, wakiwa wima, mambo yaligeuka. Kichwa cha mmoja kilikivuta kichwa cha mwenziwe, na miguu ikaivuta miguu, na walipopitana mlangoni ilibidi mmoja ashike fremu.

Usiku Gona aliporudi, Mbeyu alimpaka mafuta ya nazi magotini kwa mwanga wa koroboi. Mafuta ya taa yalikuwa haba kwa sababu ya vita, kwa hivyo alimpaka upesi.

"Leo namba tano wana wageni, Baba Kafedha?"

"Wana wageni. Wamewasha hadi choo."

"Niliona kulivyong'aa. Nikasema, huyo ndiye baba mwenyewe."

Mwaka uliofuata, Jumamosi moja, alikuja mwalimu kutoka bara aliyeitwa Dishon. Nyuma ya kanisa huko Magogoni alikuwa akifundisha watu wazima kumi na mmoja, makarani na wauguzi na mpiga chapa mmoja, waliojitayarisha kwa mtihani wa ng'ambo wa sekondari. Somo lilikuwa stima na sumaku. Kitabu kilikuwepo kimoja. Vifaa vilivyoagizwa havikufika, na mwalimu alikuwa amefundisha sumaku kwa mwaka mzima akitumia ndizi mbili, moja mbichi kuwa kaskazini na moja mbivu kuwa kusini. Aliposikia habari za Gona, aliwatoa wanafunzi wake mapema, wakavuka daraja la Nyali, wakapita Makupa, wakafika Port Reitz wamejaa vumbi, kila mtu na daftari.

Walimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba. Wakamwomba alale chali kwenye ubao, wakamfunika karatasi kubwa, wakanyunyizia unga wa chuma kutoka chini ya tupa za karakana. Mwalimu akagonga karatasi kwa kidole. Unga ukajipanga mistari iliyotoka kichwani, ikapinda nje ya mabega kama mbavu, ikarudi kuingia miguuni. Mpiga chapa aliichora vizuri sana. Gona alisema unga unamwasha. Wakamwambia avumilie kidogo, bado wanahesabu.

Jua lilipotua alianza kazi, nao wakatembea nje ya duara wakiandika. Jioni ile kilimani kulikuwa na karamu ndogo. Gona aliinama mbele.

"Mwalimu," akasema, "wakiwasha taa moja natembea kama mtu. Wakiwasha zote natembea kama nimeingia majini mpaka kifuani. Hakuna waya ulionigusa. Kinachonishika ni nini?"

Mwalimu Dishon alifurahi kuulizwa, maana katika darasa lake hakuna aliyewahi kuuliza. Alieleza kwamba stima ikishazaliwa ndani ya waya na ikapita, kigogo nacho hugeuka sumaku, na sumaku hiyo hukipinga kile kilichoizaa. Gona akikikaribia, kinamsukuma. Akikiacha, kinamvuta nyuma. Kila taa ya kilimani ina njia yake pekee, na kila njia ikifunguliwa stima inayopita huongezeka, na upinzani nao huongezeka.

"Haina hata shukrani," akasema mmoja wa makarani.

"Je, kama ingekuwa inanisaidia?" Gona akauliza.

"Ingekusaidia ungepiga hatua moja tu," mwalimu akasema, "halafu ungesukumwa milele na taa zingewaka bila mtu kuchoka. Jambo hilo halipo duniani, mzee. Limetafutwa. Mwanga wote lazima utoke mahali."

"Na ule wa kule juu unatoka wapi?"

Mwalimu alitazama kilimani, kisha akayatazama magoti ya Gona, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli akayaonyesha kwa chaki aliyokuwa ameishika. Wanafunzi wote kumi na mmoja wakaandika.

Jumatatu Gona alienda kwa Bwana Fyuzi, Mwarandu akitafsiri, akamweleza jambo hilo kwa adabu: kwamba kila taa inayowashwa inakaa juu yake, na kwamba Bwana pengine hajui. Bwana Fyuzi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema anajua. Alijifunza akiwa na miaka kumi na sita, na katika mtihani alipata alama zote za swali hilo. Akamsifu Gona kwa kuelewa jambo ambalo vijana wengi wa kwao liliwashinda, kisha akarudi kwenye karatasi zake.

Mtihani wa watu wa Magogoni ulifika Disemba. Swali la nne lilisema: sumaku inasogezwa karibu na koili ya waya iliyounganishwa na taa, nayo taa inawaka, eleza nishati ya taa hiyo inatoka wapi. Wote kumi na mmoja walijibu kwamba inatoka kwa Gona wa Karisa, landhi ya Changamwe, chumba nambari saba, na mpiga chapa akaongeza mchoro. Watahini wa ng'ambo waliwanyima alama. Mwalimu Dishon aliandika barua ya kupinga, akajibiwa kwamba jibu lilikuwa halina kosa la hesabu ila halimo kwenye orodha ya majibu.

Mei 1945 vita vya Ulaya vikaisha. Kilimani waliwasha taa zote za nyumba zote nane, wakatundika na vijitaa vya rangi kutoka mti hadi mti, gramafoni ikapigwa, na friji nambari tatu ikafunguliwa na kufungwa kama mlango wa duka. Gona aliuingia mzigo huo akiwa wima. Mzunguko wa thelathini alikuwa amejikunja. Mzunguko wa hamsini alikuwa akitembea kwa magoti, na kwa kuwa magoti hayaendi mbio, taa zilianza kugeuka rangi ya chai. Mtu alitumwa kutoka kilimani kuuliza kuna nini. Mwarandu akamjibu kuna Gona. Mtu huyo alirudi na ujumbe kwamba mabwana wanamtakia Gona heri ya ushindi na wanaomba aongeze kidogo. Akaongeza.

Agosti mhimili ulifika. Ulikuja ndani ya kasha la mbao lenye mishale inayoonyesha upande wa juu, na Gona mwenyewe alisaidia kulishusha, kwa maana misumari ya kasha ilimkimbilia na kulifanya jepesi. Alingoja wiki mbili. Kasha halikufunguliwa. Injini ilikunywa mafuta, na Gona alikunywa uji. Mwarandu alilivuta kasha mpaka kando ya duara akalikalia, kwa sababu kiti chake kilikuwa kimevunjika mguu.

Gona alisimama mbele ya meza ya Bwana Fyuzi, kipande mkononi, kifuniko kimefunguliwa, karatasi imetolewa nje tayari. Bwana Fyuzi alisema mtu haachishwi kazi isiyo na mwingine wa kuifanya. Akipatikana mwenye nguvu kama yake, sahihi itatiwa siku hiyo hiyo. Akauliza, kwani yupo?

"Hayupo, Bwana," Gona akasema.

Mwarandu akatafsiri, ingawa hapakuwa na haja.

Usiku huo Mbeyu alimpaka mafuta kwa muda mrefu kuliko kawaida. Gona alimweleza alichoulizwa na alichojibu. Mbeyu alizungusha gunzi kwenye mdomo wa kibuyu chake, akahakikisha limeshika.

Mwaka mmoja ukapita hivyo. Nguvu ya sumaku ilikuwa imeongezeka kwa sababu ya kuzunguka sana, na kitandani walisukumana mpaka Gona akawa anaanguka, mara mbili, mara tatu kwa wiki, na kila mara goti ndilo lilitangulia. Mwalimu Dishon, aliyekuwa akija Jumapili kumjulia hali, ndiye pekee aliyeambiwa siri ya Mbeyu. Alifikiri kidogo akasema dawa ni rahisi. Waache kulala mzungu wa nne. Waelekeze vichwa upande mmoja, walale ubavu ili watoshe, na badala ya kusukumana watavutana.

Ilikuwa kweli, na usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu waoane, Mbeyu alilala pua yake ikigusa shingo ya mumewe. Gona hakuanguka. Walilala usingizi mzito, wa watu waliochoka kwa zamu tofauti. Mwalimu alikuwa mtu wa kitabu; alijua upande wa nguvu, hakuwa amepima kiasi chake. Asubuhi hawakuweza kuachana. Walivuta, wakasukuma ukuta kwa miguu, wakapumzika, wakajaribu tena. Waliisikia kengele ya karakana wakiwa wamekumbatiana.

Gona alikuwa hajawahi kuchelewa kwa miaka kumi na tisa. Mwarandu alimtuma Tsofa akamtazame. Tsofa aliingia, akawatazama, akatoka, akarudi na mchi wa kinu. Aliupitisha katikati yao kama mtu anayebandua mkate uliogandia chungu, na kwa mvuto wa tatu waliachana kwa mlio ambao ulisikika chumba nambari tisa.

"Yakhe Gona," Tsofa akasema akipangusa mchi, "watu hubanduliwa harusini, si uzeeni."

Tsofa hakuwa mtu mbaya. Aliisimulia bombani kwa sababu ilichekesha, na watu waliokuwa kwenye foleni ya maji walikuwa hawajacheka tangu Ijumaa. Kufikia saa nne Mwarandu alikuwa ameisikia. Kufikia adhuhuri alikuwa ameitafsiri.

Bwana Fyuzi alifika chumba nambari saba na dira yake. Mbeyu alikuwa akichagua mchele mlangoni. Mshale ulimwelekea na kutulia. Gona, aliyekuja nyuma akikimbia kwa namna ya magoti yake, alisema huyo ni mke wangu, na Bwana Fyuzi akasema ndiyo, anaona, na kwamba kuna bahati kubwa katika ndoa. Akaomba kipande. Akaiweka karatasi juu ya ungo wa mchele, akatia sahihi katika ile nafasi tupu, akaandika tarehe: 14 Oktoba 1946. Wino ulikuwa wa buluu.

Mbeyu alimtazama Mwarandu, ambaye alikuwa akiyatazama mabati.

"Na mimi, mwanangu? Siku ya kwenda kwetu ikifika, nitatiwa sahihi wapi?"

Mwarandu alijua sheria zote za vipande. Alizipitia kichwani moja baada ya nyingine. Wanawake hawakupewa kipande. Mtu asiye na kipande hajaandikwa kazi. Asiyeandikwa kazi hawezi kuachishwa, na anayeondoka bila kuachishwa ni mtoro.

"Wewe huna pa kutiwa, mama," akasema.

Jumatatu iliyofuata Mbeyu alianza kutembea. Alikuwa na magoti mazima, na taa za kilimani ziliwaka vizuri kuliko wakati wowote tangu vita. Gona aliingia duarani jioni ya kwanza ili amwonyeshe mahali penye jiwe, na walipokuwa bega kwa bega taa za nyumba zote nane zikazima. Bwana Fyuzi alishuka na tochi. Alipima, akaelewa mara moja, akaeleza: wakiwa wima, kichwa cha mmoja ni kaskazini na cha mwenziwe ni kusini, na kile ambacho mmoja anakizaa ndani ya waya mwenziwe anakiua. Alimsogeza Gona nyuma, hatua moja moja, huku akitazama kilimani. Kwenye hatua ya kumi taa zikarudi. Akachora mstari kwa chokaa, akasema wakati wa kazi Gona asiuvuke.

Gona alikwenda Ribe. Alikuwa mtu huru, na askari aliyemsimamisha njiani aliisoma sahihi akampisha. Kwa wiki tano, yeye na Kafedha na jamaa zao, waliziba kuta kwa udongo na kuezeka makuti juu ya zile nguzo tisa. Alitengeneza kitanda cha watu wawili, kipana, akakiweka mashariki kwenda magharibi kama alivyoshauriwa na mwalimu. Kisha akafunga mlango, akamwachia binti ufunguo, akarudi Changamwe akakaa kwa Tsofa kama mgeni, maana mtu asiye na kazi hakupewa chumba chake landhini.

Kila jioni saa moja hubeba kopo la uji akaja mpaka kwenye mstari wa chokaa. Mwarandu, juu ya kasha lake, huangalia upande wa pili, kwa kuwa hata ngamia hunyweshwa. Gona huvuka. Kilimani taa huzima zote kwa pamoja, panka huzunguka mara chache za mwisho na kusimama, friji nambari tatu hukohoa ikanyamaza. Mzigo wote humtoka Mbeyu mabegani. Hunywa uji akiwa anatembea polepole, bega kwa bega na mumewe, wakivutana kidogo, na Gona humweleza habari za Ribe: kwamba paa halivuji, kwamba Kafedha amepanda muhogo nyuma, kwamba kitanda kipo. Mabwana wamezoea. Wapishi wao huweka mishumaa mezani saa moja kasoro tano, na Bwana Fyuzi amebandika tangazo kwamba mashine hupumzishwa saa hiyo kwa dakika kumi ili idumu.

Kopo likiisha, Gona huhesabu hatua kumi kurudi nyuma. Taa huwaka. Mbeyu huinama mbele, kama mtu anayepanda mlima, akaushika mwendo.

"Namba tatu wamefungua friji," husema.

"Waache wafunge," Gona hujibu kutoka kwenye chokaa, na huketi chini kungoja saa tatu.